Kila Desemba ni Rombo, ila mwaka huu naogopa kupanda gari la mume wangu

Anti shikamoo. Naomba jina langu lisitoke kabisa maana mawifi zangu wanasoma sana hizi safu, wakijua ni mimi nimekwisha.

Nina miaka 36, nimeolewa mwaka wa 11 huu, tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka 10, wa kati 7, wa mwisho 3. Tunakaa Kimara. Mume wangu ni Mchagga wa Rombo, kitinda mimba kwa mama yake, mimi ni Mngoni wa Songea. Unawajua wenzetu Desemba lazima waende kuhesabiwa, basi na mimi nimehesabiwa miaka yote, nimekosa mara moja tu nilipokuwa na mtoto mchanga, mwaka huo ndo tulienda kwetu Songea. Na sitaki nionekane nasema vibaya ukweni. Mama mkwe ananipenda, mwaka wa kwanza nilivyokuwa natetemeka na ile baridi alinikalisha jikoni karibu na moto akanipa mtori kwenye bakuli lake mwenyewe, sijasahau mpaka leo. Tatizo langu ni barabara.

Mwaka jana tuliondoka tarehe 23 saa tatu usiku. Mume wangu yupo kwenye biashara ya vifaa vya ujenzi, siku hiyo walikuwa wanahesabu stoo wafunge mwaka, alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri na hajalala hata dakika kumi. Nikamwambia tulale tutoke asubuhi akasema foleni ya asubuhi itatuua, usiku barabara nyeupe. Nyeupe wapi, Kibaha mpaka Chalinze tumekanyaga breki tu, kila mtu kawaza hivyo hivyo. Gari imejaa mchele, mablanketi ya mama, tivii ya mama, ndoo ya mafuta ya kula lita 20, na mtoto wa wifi juu yake. Tumefika Korogwe akanywa kahawa, tukaendelea, anatafuna bigijii na muziki kafungulia juu.

Tumeshaipita Makanya, Same bado kidogo, ni kama saa kumi alfajiri, mi nimesinzia na mdogo mapajani. Nikashtuka na mtikisiko, kokoto zinapiga chini ya gari, tupo nje ya lami, halafu honi ya lori, ndefu, sijawahi kusikia honi ndefu vile. Akavuta usukani tukarudi barabarani tukayumba yumba tukasimama. Kimya. Mziki bado unalia. Ndoo ya mafuta imepasuka nyuma inamwagikia mabegi ya watoto. Akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza gari, akasema "usimwambie mtu." Basi. Akashuka akanawa uso na maji ya chupa, tukaendelea.

Kufika nyumbani wanauliza mbona nguo za watoto zimelowa mafuta, akasema ng'ombe alikatiza pale Makanya akakanyaga breki. Watu wakacheka. Anti, huyo ng'ombe amekua! Kaka zake wanamsimulia kwenye mbege, mara alikuwa na pembe hivi, mara Mmasai alikuja kudai, kwenye grupu la ukoo kila Ijumaa lazima mtu aweke picha ya ng'ombe aandike "mwambieni shemeji apunguze mwendo". Na mimi nacheka nao. Naweka na zile emoji za machozi.

Ila mkubwa wangu alikuwa macho usiku ule. Hajawahi kusema kitu mbele ya baba yake, lakini tangu siku hiyo kwenye gari halali, hata tukitoka Mbagala saa nne usiku na wadogo zake wamekwisha kuanguka, yeye amekaa katikati anamwangalia baba yake kwenye kioo. Mwezi wa kumi ndo akaniuliza, "mama Krismasi ataendesha baba?"

Sasa mwaka huu mambo yamekuwa makubwa zaidi. Tarehe 26 kikao cha ukoo, tarehe 27 misa ya kumbukumbu ya baba mkwe, miaka mitano tangu afariki, mchango laki tatu kila nyumba. Likizo yake inaanza tarehe 23 jioni vile vile na ameshasema tunatoka usiku ule ule ili 24 tuwahi misa ya mkesha. Halafu amekubali kubeba watoto wengine watatu wa binamu yake, gari ni ya watu saba sisi tutakuwa nane. Nilimwambia basi tusaidiane usukani, mi nina leseni miaka sita sasa na watoto shule nawapeleka mimi kila siku, akacheka akasema "haiwei siyo Kimara mama, na nikifika kwetu mke ndo kashika usukani si wataniimba mpaka Pasaka."

Wakati huo huo mama yangu Songea kanipigia. Ana miaka 71. Hajaomba kitu, kasema tu "mwaka huu nimefuga bata wawili, mmoja nimemweka wa kwenu." Nimelia chooni.

Na hapo sijagusa ada ya Januari, mwaka jana nilikopa kikoba ndo watoto wakaingia shule.

Dada yangu ananiambia chukua watoto panda basi nenda Songea, mwache aende kwao na ng'ombe wake. Shoga yangu anasema utavunja ndoa kwa usingizi wa dakika moja? Mi nafikiria nimwambie mama mkwe ukweli wote, labda yeye atamzuia. Kwa kweli naona mume wangu anajali heshima ya kijijini na mama yake kuliko uhai wetu. Nifanyeje Anti, Desemba inakuja.

Mama wa watatu, Kimara

*

Marahaba mdogo wangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikajikuta namtafuta huyo ng'ombe tu, nitakwambia kwa nini.

Kwanza nikwambie mimi ni mtoto wa Mombo. Tumekulia kwenye barabara hiyo hiyo, mama yangu alikuwa anauza matunda yanayoshuka Lushoto na sisi watoto ndo tulikuwa tunakimbilia madirisha. Desemba ilikuwa mavuno yetu. Wanaopanda kwenda kuhesabiwa walikuwa wananunua bila kuuliza bei, vicheko, watoto wamejazana, magodoro juu ya keria. Wakishuka Januari gari imejaa ndizi na maparachichi, watu kimya, na ndoo ya elfu mbili wanataka kwa mia nane. Kwa hiyo hiyo stori yako ya kikoba naijua kutoka upande wa nje ya dirisha.

Nikikuelewa vizuri, umenibebea mizigo mitatu kwenye kiroba kimoja. Kuna barabara, yaani mume anayetaka kuendesha usiku akiwa amechoka. Kuna mama yako na bata wake. Halafu kuna siri. Ukimwendea mume wako na vyote kwa mpigo atajibu kile chepesi, atakwambia "Songea tutaenda Pasaka", na wewe utakuwa umemaliza risasi zako na bado tarehe 23 saa tatu usiku mpo kwenye gari. Ningependa tuvitenganishe.

Unasema anajali mama yake na heshima ya kijijini kuliko uhai wenu. Naelewa kwa nini unaona hivyo, ila nikuulize, wewe umekaa na Wachagga miaka 11, kitinda mimba kwao ni nani? Si ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na kihamba, yaani shamba la ukoo, na kaburi la baba lililopo pale kwenye migomba? Kaka zake wakikosa mwaka mmoja watu watasema wametingwa, yeye akikosa mwaka wa misa ya baba yake watasema mlango umefungwa. Sisemi hiyo ni sababu ya mtu kuendesha amelala, hapana, hakuna marehemu aliyeomba hivyo. Nasema tu kwamba ukianza na "unampenda mama yako kuliko sisi" utakuwa umegonga mahali ambapo hawezi kukusikia.

Halafu huyu ng'ombe. Mtu asiyejali hatungi ng'ombe, dada. Mtu asiyejali angefika Rombo akasema "bwana nilisinzia kidogo, nikatoka nje, si unajua tena safari" na watu wangecheka hivyo hivyo. Yeye aliogopa. Umeniandikia mwenyewe, mikono miwili kwenye usukani kama mtu anayejifunza gari. Inawezekana kabisa kwamba honi ya lile lori anaisikia kila siku na hana pa kuipeleka, na kila wakiweka picha ya ng'ombe kwenye grupu anapumua kwamba wiki nyingine imepita hawajajua. Inawezekana pia amesahau kabisa na kashaanza kuamini ng'ombe alikuwepo, wanaume wa namna hiyo nimewaona. Mimi simjui, wewe ndo unalala naye. Je, tangu siku ile amewahi kuendesha usiku safari ndefu? Amewahi kusema samahani, hata kwa kuzunguka? Haukuniandikia.

Na kuna kitu kingine haukuniandikia, usinikasirikie. Kwenye barua yako mume wako anaongea sana, ndugu wanaongea, shoga anaongea, hata bata wanaongea. Wewe unacheka na kuweka emoji. Tangu saa kumi ile ya alfajiri mpaka leo sijaona mahali umemwambia "mume wangu, siku ile nilidhani tumekufa." Ulimwambia habari za kutoka asubuhi, habari za kusaidiana usukani, hayo ni mambo ya ratiba. Anaweza kuwa anadhani wewe umeshasahau, maana unacheka kuliko wote. Sikulaumu, uliambiwa usiseme na ukatii, ukamlinda mwenzio mbele ya watu wake, wake wengi wangefanya hivyo. Lakini huyo ng'ombe mmemlisha nyie wawili.

Na yupo wa tatu.

Hapa ndo niliposimama mara ya pili. Mwanao alikuwa macho. Kila wakisimulia, baba mkubwa akionyesha pembe kwa mikono, watu wanapasuka, kuna mtoto wa miaka 10 amekaa pale na soda yake anajua hapakuwa na ng'ombe, anajua baba anadanganya, anajua mama anadanganya, na hajui kama anaruhusiwa kujua. Kwa hiyo amejipa kazi. Yeye ndo mlinzi wa gari. Anakaa katikati anaangalia macho ya baba yake kwenye kioo ili asilale tena. Hiyo kazi ni kubwa kwa mtoto, na ataifanya mpaka mmoja wenu amwambie wazi, "mwanangu, siku ile baba alisinzia, uliona sawasawa, ilitutisha sisi wote, na hivi ndivyo tutakavyofanya isitokee tena." Ningetamani aseme baba mwenyewe. Lakini hata kabla ya kufika huko wewe unaweza kukaa naye ukamuuliza aliona nini, usimkatishe, usimwambie "usimwambie baba". Hilo neno limeshafanya kazi ya kutosha nyumbani kwenu.

Sasa barabara. Mume wako nahisi analichukulia hili kama swali la uanaume wa kuendesha, ndo maana anakujibu habari za haiwei na Kimara. Usingizi haumwangalii dereva mzuri. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi usiku wa pili yake ni masaa 23 macho, mtu wa hivyo anaendesha kama aliyelewa hata kama hajagusa mbege, na saa kumi kumi hizo ndo mwili wa binadamu yeyote unadai kulala kuliko saa zote. Bigijii na muziki havizuii kitu, kahawa inasaidia lakini inataka kama nusu saa ianze kufanya kazi na haibadilishi deni la usingizi. Gari ikiwa mwendo wa 80 inakula mita 22 kila sekunde. Akifumba macho sekunde nne tu mmeshaenda karibu mita 90 bila dereva, ni urefu wa kiwanja cha mpira kasoro kidogo. Hayo mwambie kama habari za mwili, siyo kama kosa lake. Shoga yako anayesema "usingizi wa dakika moja" mwambie dakika moja kwa mwendo huo ni zaidi ya kilomita moja na robo.

Haya, njia zipo. Dada yako anasema panda basi na watoto. Inaonekana salama, na kwa watoto labda ni salama, lakini fikiria gari ile. Tarehe 23 usiku itaondoka vile vile, safari hii na yeye peke yake na watoto wa binamu nyuma wamelala, wewe wa kumshtua haupo. Kutokwenda kwako hakumlazi usingizi. Unaweza kuamua hivyo, ni haki yako kuwatoa wanao kwenye gari usiloliamini na hakuna wa kukunyima, ila ujue unachookoa na unachoacha. Kama mnagawana, mimi ningeuliza kama inawezekana nyote mwende kwa basi, yeye pamoja. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023, ya mchana yapo, ila Desemba tiketi za Moshi na Rombo zinakatwa mapema mno, ukisubiri tarehe 20 stendi ya Magufuli pale Mbezi utalia. Ipo na treni ya Moshi iliyorudi Desemba 2019 baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 haitembei, inalala njiani lakini hakuna baba anayesinzia kwenye usukani, ulizia tu mapema kama inatembea maana mvua zikizidi reli nayo inasumbua. Na dereva wa basi naye ni binadamu, sikufichi. Hasara kubwa ya njia hizi ni tivii na mchele wa mama, na ile raha yake ya kuingia kijijini na gari lake. Usiidharau hiyo raha, kwa mtu aliyehesabiwa kila mwaka si kitu kidogo.

Njia nyingine ni kwenda na gari ila kubadilisha saa. Anafika kutoka kazini tarehe 23, anaoga, anakula, analala, mizigo umeshapanga wewe, mnatoka saa kumi na moja alfajiri ya 24. Ni zaidi ya kilomita 500 mpaka Himo, halafu mkono wa kulia kupandisha Rombo, vijiji vya mwendo wa 50 ni vingi na tochi za trafiki za kupima mwendo zimejaa, ukipigwa ni elfu 30, kwa hiyo ni safari ya siku nzima, mtafika jioni mmechoka ila mnaona njia. Kutoka Kimara mnaweza kukatiza mkapita Bagamoyo mkatokea Msata mkaikwepa foleni ya Kibaha na Chalinze, hilo anajua. Mkesha mnaweza kuukosa. Au mtoke jioni mlale Korogwe au Same, lakini gesti za njia hiyo wiki ya Krismasi zinajaa, mpigie mtu simu na ulipie kabla. Hatari ya njia hii ni moja tu, kwamba atakubali mezani halafu tarehe 23 saa mbili usiku atasema "mi sijachoka bwana, twendeni". Ndo maana mkikubaliana mkubaliane pia nani ana neno la mwisho la kusema simama, na neno hilo likisemwa hakuna kubishana mbele ya watoto.

Kuhusu wewe kushika usukani, nitamtetea kidogo shemeji. Haiwei kweli siyo Kimara. Kupita lori lenye trela na basi linakuja mbele yako ni somo lingine. Je, umeshawahi kuendesha nje ya Dar? Kama hujawahi, mwombe wikiendi moja mwende Msata na kurudi, mkiwa wawili tu, yeye abiria. Halafu siku ya safari uchukue kipande cha mchana kweupe, Mombo mpaka Same, ile barabara imenyooka na milima ipo kando tu, yeye alale kabisa siyo kufumba macho anakukosoa. Kuhusu kuimbwa mpaka Pasaka, wapo wanandoa nawajua mke anaendesha mpaka Himo, wanasimama kama wananunua maji, wakiondoka mume ndo yuko kulia. Nilicheka waliponiambia. Ila nikufikirishe, huyo naye si ng'ombe mwingine?

Hiyo ya watu nane kwenye gari ya saba sina maneno mengi. Watoto watatu wa binamu wana baba yao, na basi lipo.

Kumwambia mama mkwe. Naona umempa mama mkwe nguvu kubwa kwenye barua yako na huenda ni kweli anazo, mama aliyekupa bakuli lake mwenyewe akisikia mwanae alikaribia kuua wajukuu akikimbilia kwake, anaweza kuwa wa kwanza kusema laleni, njooni kesho, misa ya mkesha Mungu anasamehe. Lakini akiisikia kutoka kwako, mumeo atakuwa mtu aliyeshtakiwa kwa mama yake na mke, na ukoo mzima utakuwa na ng'ombe mpya wa kusimulia, huyu wa sasa ni yeye. Wakwe zako wana lile jani la isale la kuombea msamaha, unalijua. Anayelibeba ni yule aliyekosa, kwa miguu yake. Huwezi kulichuma wewe ukamshikisha mkononi. Unachoweza ni kumuuliza, mkiwa wawili, "mama yako utamwambia lini?" na kumwachia swali.

Na kabla ya yote hayo kuna yale mazungumzo mwaka mzima hamjafanya. Usiyaanze kitandani, usiyaanze akitoka kusoma grupu la ukoo. Nyie mna gari, mwambie akupeleke mahali, akisimamisha ongea hapo hapo mmekaa mnaangalia mbele, watu wengi wanasema ukweli wakiwa hawaangaliani. Na usianze na "wewe". Mwambie tu, "ile honi ya lori naisikia mpaka leo. Wewe unaisikia?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hata kikipita kimya kirefu. Akikasirika, hasira ya kwanza mara nyingi ni aibu, mpe siku mbili tatu. Mwambie mwanao anamwangalia kwenye kioo, maana nadhani hajui. Akicheka akakuletea ng'ombe hata hapo kwenye gari mkiwa wawili tu, hilo nalo umelijua, na uamuzi wako wa tarehe 23 utaufanya ukiwa na hiyo habari mkononi.

Mama yako nimemweka mwisho si kwa udogo. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Songea imeingia kwenye barua kama mahali pa kukimbilia. Ukienda mwaka huu kwa kususa, mama yako atapokea mtoto mwenye ndoa inayowaka moto na simu inayolia kila saa, na bata atalika kwa huzuni. Na barabara ya Songea ni karibu kilomita elfu, kuna Mikumi na wanyama wake, kuna mlima Kitonga, hofu yako haitabaki Ubungo. Lakini miaka 11 mara moja, hapana, hilo ni deni halali kabisa na lina miguu yake lenyewe, halihitaji kosa la Makanya ili lisemwe. Mume wako anajua habari za bata? Umemwambia kwa maneno, au ulilia chooni ukatoka umenawa? Mnaweza kupokezana miaka. Mnaweza kumleta mama Dar baada ya sikukuu, au likizo ya Juni mkaenda wote bila haraka wala foleni. Na mama mwenyewe umeshamuuliza anataka nini, ukiacha ile lugha yake ya bata? Wamama wetu wakifika 70 hawaombi, wanataja mifugo.

Hela mtapanga, laki tatu ya mchango na mafuta ya gari na ada andikeni kwenye karatasi moja kabla hajamuahidi mtu mwingine kiti.

Niandikie baada ya kuongea naye, nataka kusikia alisema nini kuhusu honi. Na ikitokea mmepita Mombo mchana, simameni pale stendi, wamama wa matunda watawazunguka, mchukulie mkubwa plamsi za elfu mbili ale dirishani huku ameegemea. Usiku wanakuwa wameshafunga.